Tiketi moja, nchi tatu: kwa nini Mpwani hulipa zaidi, na achunge nini kabla ya kulipa

Likizo zikikaribia, vikundi vya WhatsApp vya familia hapa Mombasa huanza kujaa swali lile lile. Mtu ataka kwenda Umra, kisha apitie Dubai au Muscat awaone ndugu, na akirudi ashukie Unguja kwa harusi kabla ya kuvuka nyumbani. Afanye vipi asifilisike? Na zaidi ya hapo, afanye vipi ili viza ikichelewa wiki moja au mgonjwa akizidiwa, pesa alizolipa zisipotee zote?

Majibu yanayotolewa humo mengi ni hekaya. Nunua Jumanne usiku. Futa kumbukumbu za simu kabla ya kutafuta bei. Muulize fulani, ana mtu wake ndani ya kampuni. Sisemi hakuna aliyewahi kubahatika kwa njia hizo, lakini bei ya tiketi ya Mpwani haianzii kwenye simu yake. Inaanzia kwenye mikataba ya anga ambayo serikali zimetiliana sahihi, na inaendelea kwenye masharti ya tiketi ambayo wengi wetu hatuyasomi. Nitaanza na hayo masharti, kwa sababu ndiyo yanayomgusa mtu leo, kisha nije kwenye mikataba.

Kwanza tukubaliane kwamba safari ya namna hii kwetu si anasa. Kwa mtu wa kwingine, kuzunguka nchi tatu ni utalii. Kwa familia nyingi za Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale, nchi tatu ni shangazi, kaka na mabinti: mmoja yuko Muscat, mwingine Dubai, mwingine London au Toronto, na nusu ya ukoo uko Unguja na Pemba. Kuunga jamaa kuna gharama yake, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa kwa mchango wa watu kumi. Ndiyo maana tiketi ikiungua haungui mtu mmoja.

Basi tuanze na tiketi yenyewe. Safari ya nchi kadhaa yaweza kujengwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni tiketi ya kwenda na kurudi ya kampuni moja, ukaomba kusimama siku kadhaa katika mji ambao ndege zake hupitia. Anayeruka na Saudia, kwa mfano, atapita Jeddah au Riyadh apende asipende; anayeruka na Ethiopian atapita Addis Ababa; wa Turkish atapita Istanbul. Kampuni nyingi zamruhusu abiria akae njiani siku chache kwa nyongeza ndogo au bila nyongeza yoyote, lakini ni lazima useme hivyo wakati wa kununua. Ukishakatiwa tiketi, kuomba baadaye ni kama kununua upya.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalitumia. Mnamo Januari 2023 Saudi Arabia ilianzisha viza ya kupita kwa abiria wa Saudia na flynas, inayomruhusu mtu kukaa hadi saa 96, yaani siku nne, na ndani ya siku hizo aweza kufanya Umra. Huombwa pamoja na tiketi kwenye tovuti ya kampuni. Kwa mtu ambaye safari yake halisi ni kwenda kumwona kaka yake Dubai au Muscat, siku nne zatosha kwa Umra na kwa kuzuru Madina kwa haraka, bila kununua tiketi nyingine kwa ajili hiyo. Lakini asiipange karibu na msimu wa Hajj, maana masharti ya kuingia Makka hubadilika kabisa. Na asisahau chanjo: cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na cha uti wa mgongo kwa anayekwenda Umra.

Njia ya pili ni tiketi inayokwenda mji mmoja na kurudi kutoka mji mwingine. Wengi hawajui kwamba hii yawezekana ndani ya tiketi moja. Kwenye tovuti za kampuni za ndege kuna sehemu ya kutafuta safari ya miji mingi, kando ya ile ya kwenda tu na ile ya kwenda na kurudi. Ukiingiza humo Mombasa hadi Dubai, kisha Muscat hadi Mombasa siku kumi baadaye, mara nyingi bei itakaribiana na ya kwenda na kurudi ya kawaida. Ukinunua safari mbili za kwenda tu kwa kampuni hiyo hiyo, huenda ukalipa zaidi sana. Kampuni kubwa za zamani hupanga bei zao hivyo. Kwao tiketi ya kwenda tu mara nyingi ni ghali kuliko nusu ya tiketi kamili. Kampuni za bei nafuu kama flydubai na Jambojet ndizo huuza kila upande kivyake.

Pengo la katikati, yaani Dubai hadi Muscat, unalijaza mwenyewe kwa ndege fupi au kwa barabara. Tangu mapema 2024 kuna basi la kampuni ya Mwasalat ya Oman linalokwenda kati ya Sharjah na Muscat. Ila mwenye pasipoti ya Kenya akumbuke kwamba hizo ni viza mbili tofauti za nchi mbili tofauti, na kuvuka mpaka kwa basi hakumsamehei hata moja.

Njia ya tatu ndiyo iliyoenea, na ndiyo inayoliza watu: tiketi zilizonunuliwa mbali mbali. Mombasa hadi Nairobi kampuni moja, Nairobi hadi Jeddah kampuni nyingine, Jeddah hadi Dubai ya tatu, na kurudi kwa ya nne. Ukizijumlisha, pengine utaokoa shilingi elfu kumi na tano au ishirini kwa kila mtu. Kwa familia ya watu watano hizo si pesa za kudharau. Lakini ni lazima ujue umeuziwa nini kwa bei hiyo: umeuziwa hatari ambayo vinginevyo ingebebwa na kampuni ya ndege.

Fikiria hivi. Ukiwa na tiketi moja kutoka Mombasa hadi Jeddah kupitia Nairobi, na ndege ya Mombasa ikachelewa saa tatu, ni kazi ya waliokuuzia kukutafutia ndege inayofuata bila malipo mapya. Ukiwa na tiketi mbili, kampuni ya pili haijui habari za ya kwanza. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na abiria ambaye hakutokea hapotezi ile ndege moja tu. Kwa masharti ya kampuni nyingi, ukikosa hatua moja ya tiketi bila kuwaarifu, hatua zote zinazofuata hufutwa, pamoja na ya kurudi. Kuna mtu ambaye huikosa ndege ya kwenda, akajitafutia nyingine kwa gharama yake, kisha siku ya kurudi akaambiwa kaunta kwamba jina lake halimo.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa JKIA waligoma wakipinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani, na safari zikakwama asubuhi nzima na zaidi. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa wakati wa mapigano ya Iran, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa njia. Katika kila tukio kati ya haya, mwenye tiketi moja alikuwa na mtu wa kumdai. Mwenye tiketi nne alikuwa na foleni nne za kupanga, na katika tatu kati ya hizo aliambiwa kosa si lao.

Tena kuna suala la mizigo na viza, ambalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa tiketi moja, begi lako hufungwa lebo hadi mwisho wa safari nawe unabaki ndani ya uwanja ukingoja ndege ya pili. Kwa tiketi mbili tofauti, mara nyingi itakubidi utoke, upite uhamiaji, uchukue begi, kisha uingie upya. Ukitoka umeingia nchini, na kuingia nchini kwataka viza. Kwa Mkenya hilo laweza kumsimamisha kwenye kaunta ya Mombasa kabla hata hajapanda ndege ya kwanza. Na kuna nchi zinazotaka viza hata kwa anayepita tu ndani ya uwanja: Uingereza ni mojawapo kwa wenye pasipoti ya Kenya, isipokuwa wale walio na viza za nchi fulani kama Marekani au Canada. Kwa hiyo tiketi ya bei rahisi ya kwenda Toronto kupitia London yaweza kumfaa binamu yako mwenye pasipoti ya Canada na isikufae wewe kabisa, ingawa mwaketi viti vya jirani.

Je, ndiyo kusema tiketi tofauti zisinunuliwe kamwe? La. Zina mahali pake. Kama pengo kati ya safari moja na nyingine ni siku, si saa, hatari yapungua sana. Anayekaa Dubai wiki nzima hana wasiwasi kama ndege ya kuingia ilichelewa nusu siku. Vilevile anayetaka kuokoa nauli ya Mombasa hadi Nairobi aweza kupanda treni. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida la SGR ni shilingi 1,500, na kituo cha Syokimau hakiko mbali na JKIA. Ila alale Nairobi usiku mmoja. Treni ya mchana na ndege ya usiku siku hiyo hiyo ni kamari, na wanaoicheza na kushinda ndio wanaosimulia. Walioshindwa hunyamaza.

Sasa tuje kwenye neno ambalo limekuwa tamu midomoni mwa wauzaji: tiketi inayobadilishika. Neno hilo lina maana tatu tofauti, na muuzaji hana haraka ya kukuambia ni ipi. Maana ya kwanza ni kwamba waweza kubadilisha tarehe ukilipa ada ya kubadilisha, pamoja na tofauti ya bei. Maana ya pili ni kwamba ada hiyo imesamehewa, lakini tofauti ya bei iko pale pale. Maana ya tatu ni kwamba waweza kuifuta kabisa ukarudishiwa pesa, na hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Wengi wetu hununua ya pili tukidhani ni ya tatu.

Hiyo tofauti ya bei ndiyo yenye meno. Tuseme ulinunua mapema, ukapata daraja la bei ya chini, na sasa wataka kusogeza mbele hadi wiki ya mwisho ya Desemba wakati ndege zimejaa. Kubadilisha ni bure, sawa, lakini viti vilivyobaki ni vya daraja la bei ya juu, nawe walipa tofauti. Yaweza kufika karibu ya tiketi mpya. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maswali haya kwa maneno haya haya: nikibadilisha tarehe kabla ya siku ya safari natoa ngapi? Nikibadilisha baada ya kuanza safari natoa ngapi? Nikifuta narudishiwa nini? Nisipotokea inakuwaje? Jibu liandikwe. Sauti ya WhatsApp ya mtu akisema "hakuna shida, dada" si sharti la tiketi.

Kuna kitu kidogo cha kukumbuka hata kwa tiketi isiyorudishwa pesa. Sehemu ya bei ni kodi na ada za viwanja, na kwa kawaida zile ambazo hazikutumika hudaiwa zirudishwe hata kama nauli yenyewe imepotea. Kwa safari ya nchi tatu hizo ni dola nyingi. Watu wengi hawazidai kwa kuwa hawajui, na mawakala wengine hawawaambii.

Mpango wa viza ndio hasa unaofanya tiketi inayobadilishika kuwa hoja kwetu kuliko kwa Mzungu. Balozi nyingi huonya kwamba mtu asilipe tiketi kabla ya viza, na papo hapo zataka kuona mpango wa safari wenye tarehe. Mwombaji yuko katikati. Njia halali ni kuomba kampuni au wakala akushikie nafasi bila kulipia tiketi kamili. Kampuni kadhaa huruhusu kushikilia bei kwa siku mbili au tatu kwa ada ndogo. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, sheria za huko zataka kampuni ya ndege ikuruhusu ufute ndani ya saa 24 bila kukatwa, au ikushikie bei kwa muda huo, mradi ununue moja kwa moja kwao na safari iwe mbele kwa siku saba au zaidi. Njia isiyo halali ni zile karatasi za tiketi bandia zinazochapishwa mjini kwa shilingi mia kadhaa. Afisa wa ubalozi huichunguza kwa dakika moja, na akiikuta haipo, kesi yako si ya tiketi tena, ni ya udanganyifu.

Na hapa nitasimama kidogo kwa mawakala. Mji wetu una mawakala waaminifu waliohudumia familia vizazi viwili. Una pia watu wenye simu na nembo. Kutofautisha si kugumu. Ukishalipa, dai vitu viwili: msimbo wa nafasi wenye herufi na tarakimu sita, na namba ya tiketi. Namba ya tiketi ni tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja kampuni: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Msimbo bila namba ya tiketi maana yake ni kwamba nafasi imeshikwa tu, haijalipiwa, na yaweza kufutwa wakati wowote. Kampuni nyingine za bei nafuu hutumia msimbo peke yake, lakini hata hizo, fungua tovuti yao mwenyewe, ingiza msimbo na jina la ukoo, uone kama safari imethibitishwa. Fanya hivyo siku unayolipa, usingoje usiku wa kufunga begi. Mzee wangu mmoja aliuziwa nafasi tatu za Umra ambazo zote zilikuwa za kushikiliwa tu. Muuzaji alikuwa akizungusha pesa za wateja wapya kulipia wa zamani. Aliokolewa na mjukuu wa miaka kumi na sita aliyeingiza msimbo kwenye tovuti kwa kudadisi.

Mizigo nayo ina sheria yake, na hii ipo upande wako. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, waweka dhima ya kampuni kwa begi lililopotea, kuharibika au kuchelewa katika safari ya kimataifa. Kikomo, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519, ambayo ni kama dola elfu mbili. Lakini lazima uandike malalamiko: ndani ya siku saba kwa begi lililoharibika, na ndani ya siku 21 kwa lililochelewa. Kwa ndugu zetu wa Ulaya, wanaoondoka katika nchi za Umoja wa Ulaya wana haki ya fidia ya hadi euro 600 kwa safari ndefu ikichelewa sana kwa kosa la kampuni, hata kama ndege si ya Kizungu. Anayetoka Frankfurt kuja Mombasa anayo haki hiyo. Wewe unayetoka Mombasa kwa ndege isiyo ya Ulaya huna.

Sasa kwa nini safari hii yatugharimu zaidi kuliko mwenzetu wa Unguja? Tazama ramani. Dubai na Muscat ziko kaskazini mashariki yetu, ng'ambo ya bahari ile ile ambayo majahazi yalivuka kwa pepo za kaskazi na kusi. Lakini abiria wa Mombasa mara nyingi hupelekwa kwanza bara, zaidi ya kilomita 400 kuelekea kaskazini magharibi hadi Nairobi, ndipo ageuzwe. Analipa nauli ya ndani, analipa muda, na pengine analipa usiku wa hoteli.

Si kwamba hakuna ndege za moja kwa moja. Ethiopian imekuwa ikitua Moi International kwa miaka mingi. RwandAir iliwahi kuunganisha Kigali, Mombasa na Dubai. Qatar Airways ilianza Desemba 2018. Kenya Airways ilizindua safari ya Mombasa hadi Dubai Desemba 2022, na Januari 2024 flydubai ikaanza safari nne kwa wiki. Tatizo ni kwamba safari hizi huja na kuondoka, na mtu hawezi kupanga harusi juu ya ratiba inayoweza kupotea msimu ujao. Linganisha na Unguja, umbali wa kama kilomita 240 tu kutoka hapa: Oman Air, Qatar Airways, flydubai, Turkish, Ethiopian, KLM. Kisiwa chenye hoteli za kisasa na uwanja wenye jengo jipya la abiria kimekuwa mlango ambao sisi tunaupitia kwa nyuma.

Sababu moja ni mikataba ya huduma za anga. Kila nchi hukubaliana na nyingine ni kampuni zipi ziruke, mara ngapi kwa wiki, na kutua miji ipi. Kenya kwa muda mrefu imeilinda JKIA kama kitovu cha Kenya Airways, ambayo serikali inamiliki asilimia 48.9 yake. Wenye hoteli na viongozi wa Pwani wamelilia anga huru kwa miaka, na kila mara jibu limekuwa kwamba kampuni ya taifa isinyongwe. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kenya Airways ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi ya hasara, kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12 kwa sababu baadhi ya ndege zake kubwa zilikuwa zimelazwa chini. Kampuni ya namna hiyo huogopa mshindani. Lakini swali la Mpwani ni jepesi: kama kampuni ya taifa haina ndege za kutosha kuihudumia Mombasa, yalindwa dhidi ya nani hapa? Kumzuia mwingine asiuze mahali ambapo wewe huna duka hakukuingizii hata senti.

Kwenye karatasi jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Azimio la Yamoussoukro ni la 1999. Tarehe 28 Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la anga, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 23 za kwanza. Miaka sita baadaye, Januari 2024, Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu, Tanzania ikajibu kwa kutangaza kusimamisha safari za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Walipatana ndani ya siku mbili. Waliokuwa wamenunua tiketi za harusi na matanga hawakuulizwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, safari hizo hizo zilisimamishwa kwa zaidi ya mwezi.

Kuna afueni ndogo. Mwaka 2024 Jambojet ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Mombasa na Unguja. Hiyo imebadilisha hesabu kwa wengi: sasa yawezekana kwenda Ghuba kutoka Mombasa na kurudi kwa Oman Air hadi Unguja, ukahudhuria harusi, kisha ukavuka nyumbani kwa ndege fupi, badala ya boti hadi Dar na basi kupitia Tanga na Lunga Lunga. Ni tiketi tofauti, naam, lakini pengo ni la siku, na barabara ipo kama ndege ikikosa.

Walio ng'ambo wanaokuja kukutana nasi Unguja nao wapige hesabu kabla ya kushangaa. Mwenye pasipoti ya Uingereza akija Mombasa atalipa dola 30 za idhini ya kuingia Kenya. Akivuka Unguja kuna viza ya Tanzania ya dola 50, na tangu Oktoba 2024 bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44. Hizo ni dola 124 kwa mtu mzima mmoja kabla ya nauli, na dola 248 kwa mume na mke. Kwa familia nyingi ni nafuu kuwaomba wao watue Unguja moja kwa moja nasi tuvuke, kuliko wao kuzunguka. Ni aibu kidogo kwa mji wa bandari kusema hivyo, lakini ndivyo hesabu inavyotoka.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na ahadi ya anga huru italetwa tena jukwaani pamoja na ahadi za bandari na ardhi. Anayeileta aulizwe kwa undani. Ni mkataba na nchi gani anaotaka ufunguliwe? Oman, Saudi Arabia, Uturuki? Je, Mombasa imetajwa humo kama mji wa kutua, na kwa safari ngapi kwa wiki? Ada za uwanja wa Mombasa ziko vipi zikilinganishwa na za Unguja, na ni nani mwenye mamlaka ya kuzipunguza, kaunta ya Nairobi au bunge? Na mbunge ambaye tayari amekaa muhula mzima aulizwe ni lini mara ya mwisho alipolisimamisha swali hilo mbele ya Waziri wa Uchukuzi, na alijibiwa nini.